JICHO LA ANGANI: JINSI MSITU WA MAU UNAVYOPIMWA

Wahenga walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Lakini huku kwetu Njoro liko neno moja ambalo penye wengi huharibika kila mara, nalo ni hili: msitu wa Mau umebaki kiasi gani? Muulize makanga wa matatu ya kwenda Elburgon, atakwambia, "Msitu uko sawa, kwani huoni miti hiyo kando ya barabara?" Muulize mama anayechota maji mtoni, atakwambia msitu uliisha zamani, siku hizi mto ni mawe matupu kiangazi kikikaza. Muulize mzee aliyegawiwa shamba huko juu, atakujibu kwa kukuonyesha miti aliyoipanda mwenyewe uani. Wote watatu wanasema walichokiona kwa macho yao. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameona kipande tu, na Mau ina takriban hekta 400,000. Hakuna mtu awezaye kuuzunguka msitu huo wote kwa miguu na kurudi na jibu kabla miti mingine haijakatwa nyuma yake.

Ndiyo maana nimeshika kalamu niwaeleze jinsi misitu inavyopimwa kwa picha za setilaiti. Jambo hili nimelisoma kwa hamu kubwa, na nimegundua kwamba hesabu zake si ngumu. Mwanafunzi yeyote anayejua kutoa na kugawanya anaweza kuzifuata.

Kwa nini tujali?

Mau ni mmojawapo wa minara mitano mikubwa ya maji ya nchi yetu, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon na Cherangani. Mto Njoro unatoka Mau Mashariki na kuteremka hadi Ziwa Nakuru. Mto Mara unatoka humo humo, ukapita katikati ya mbuga ya Maasai Mara na kuingia Tanzania hadi Ziwa Viktoria. Mto Sondu nao, ambao maji yake yanazungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu, chanzo chake ni Mau. Kwa hiyo mtu anayekata mti kule juu anamgusa mvuvi, mfugaji, mwenye hoteli ya kitalii na hata mwanafunzi anayesoma usiku kwa taa ya stima.

Lakini upande wa pili nao kuna binadamu. Takwimu za msitu zikitangazwa, kuna familia zinazoambiwa zifunge virago. Takwimu ikiwa ya uongo, ama msitu unaangamia huku tukijipongeza, ama mtu asiye na hatia analala nje na watoto. Basi si vizuri kupima kwa kukisia.

Setilaiti inaona nini?

Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa hasa kwa kazi ya kutazama nchi kavu ilirushwa na Marekani mwezi wa Julai mwaka wa 1972. Baadaye ilipewa jina Landsat 1. Tangu hapo zimefuatana nyingine, hadi Landsat 9 iliyorushwa Septemba 2021. Landsat 8 na Landsat 9 huzunguka dunia zikiwa kilomita 705 juu yetu. Kila moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16, na kwa kuwa zimepishanishwa, mahali hapo hupigwa picha kila baada ya siku 8. Hupita kwetu asubuhi, mnamo saa nne hivi. Pengine wakati wa mapumziko ya chai, huku sisi tunang'ang'ania mandazi, jicho hilo linapita juu ya vichwa vyetu bila hata kubisha hodi.

Nchi za Ulaya nazo zina setilaiti zao ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka wa 2015. Hata Kenya yetu haikubaki nyuma. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti yetu ndogo iitwayo Taifa-1, iliyoundwa kwa ajili ya kupiga picha za nchi, ilirushwa kutoka Vandenberg, California.

Sasa, msomaji, usidhani setilaiti ya Landsat inaona mti mmoja mmoja. La hasha! Picha yake imegawanywa katika vijisanduku vya mraba viitwavyo pikseli, mfano wa karatasi ya grafu. Kila pikseli ya Landsat ina urefu wa mita 30 na upana wa mita 30. Hizo ni mita za mraba 900, yaani karibu ploti mbili za hamsini kwa mia. Hekta moja ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo inaingia pikseli 11 na kidogo. Pikseli za Sentinel-2 ni ndogo zaidi, mita 10 kwa 10, hivyo hekta moja huwa na pikseli 100. Landsat ya kwanza ile ya 1972 ilikuwa na pikseli za karibu mita 80, kila moja ikiwa ni zaidi ya ekari moja na nusu.

Kila pikseli huwa na rangi moja tu. Kama ndani yake mna miti mitano, nyumba moja na kichaka, vyote vinakorogwa pamoja kama githeri na kutoa rangi moja ya wastani. Hili tulikumbuke, kwa maana litatusumbua mbele.

Rangi tusiyoiona

Jani la mti ni la kijani kwa sababu lina klorofili. Klorofili hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu ili jani lijitengenezee chakula, na mwanga wa kijani kiasi fulani hurudishwa machoni mwetu. Hayo tumesoma katika Biolojia. Lakini kuna mwanga mwingine, uitwao infraredi ya karibu, ambao jicho la binadamu haliuoni. Jani lenye afya huurudisha mwanga huo kwa wingi sana kwa sababu ya jinsi chembe zake za ndani zilivyopangwa. Kamera ya setilaiti inauona.

Hapo ndipo siri yenyewe ilipo. Mahali penye majani mengi mwanga mwekundu unaorudi ni kidogo mno, na infraredi inayorudi ni nyingi mno. Udongo mtupu hauna tofauti kubwa namna hiyo. Wataalamu basi huchukua infraredi, wakatoa mwekundu, kisha wakagawanya kwa jumla ya zote mbili. Jibu huitwa NDVI, nami nitaliita kipimo cha ukijani.

Hebu tufanye mfano. Tuseme pikseli ya msitu imerudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 4 ya mwanga mwekundu. Kutoa ni 36, kujumlisha ni 44. Gawanya 36 kwa 44, unapata 0.82. Sasa tuseme pikseli ya shamba lililolimwa majuzi imerudisha infraredi asilimia 28 na mwekundu asilimia 20. Kutoa ni 8, kujumlisha ni 48, jibu ni 0.17. Maji nayo humeza infraredi, kwa hiyo ziwa mara nyingi hutoa jibu lililo chini ya sufuri. Mpaka hapo kompyuta imekwisha kutofautisha msitu, shamba na ziwa, na haijatoka ofisini.

Ukitaka kujua msitu umebadilika vipi, unachukua picha mbili za mahali pamoja, moja ya zamani na moja ya sasa, unazilinganisha pikseli kwa pikseli. Iliyokuwa 0.82 na sasa ni 0.17, weka alama. Hesabu alama zote, zidisha kwa mita za mraba 900, gawanya kwa 10,000, umepata hekta zilizopotea. Pikseli 1,000 zenye alama ni hekta 90. Kwisha! Ama sivyo?

Mitego iliyo njiani

Ole wako ukiishia hapo. Wahenga walituonya kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu, nami naongeza kwamba si vyote vya kijani ni msitu.

Mtego wa kwanza ni chai. Upande wa Kericho na Bomet, chai imepakana na msitu, na hata serikali yenyewe tangu mwaka wa 1986 ilianza kupanda chai ya Nyayo pembezoni mwa misitu iwe kama ua. Sasa chai ni ya kijani mwaka mzima, na kipimo chake cha ukijani chaweza kulingana kabisa na cha msitu. Mtu akikata msitu wa asili akapanda chai, chai ikishakomaa, kipimo kinasema hakuna kilichotokea! Ili kuukwepa mtego huu, wataalamu hutazama pia namna nyingine za infraredi, na hutazama ulaini. Chai iliyochumwa ni sawa kama zulia, ilhali msitu una miti mirefu na mifupi inayotupiana vivuli. Pia hutumia rada, ambayo hutuma mawimbi yake yenyewe na kusikiliza yanavyorudi. Mawimbi yaliyogonga matawi na mashina hayarudi sawa na yaliyogonga kichaka kifupi. Faida nyingine ya rada ni kwamba inapenya mawingu.

Mtego wa pili ni mahindi. Mwezi wa Julai shamba la mahindi huku Njoro ni kijani kibichi, mtu anaweza kupotea humo. Picha ya Julai italichanganya na vichaka na miti. Lakini ngoja Januari ifike. Mahindi yamevunwa, mabua yamekauka au yamelishwa ng'ombe, udongo uko wazi, na msitu bado ni kijani. Kwa sababu hii picha zinazofaa kulinganishwa ni za kiangazi, tena za mwezi ule ule. Anayelinganisha Julai ya mwaka mmoja na Januari ya mwingine atatangaza kwamba misitu imetoweka, kumbe watu wamevuna chakula chao tu.

Mtego wa tatu ni mawingu. Milima yenye misitu ndiyo inayovuta mvua, na kwa hiyo ndiyo inayojifunika wingu kama bibi harusi shela. Dawa yake ni kukusanya picha nyingi za msimu mmoja, ukatoa katika kila moja vipande visivyo na wingu, kisha ukaviunganisha kama fundi anayeshona kiraka. Zamani kazi hii ilikuwa ghali, kwani picha moja tu ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Mwaka wa 2008 Marekani iliamua picha zote za Landsat zitolewe bure. Matunda yake yalionekana mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walipochapisha ramani ya mabadiliko ya misitu ya dunia nzima kuanzia mwaka wa 2000 hadi 2012, wakitumia picha za Landsat zaidi ya 650,000. Nani angemudu kununua picha hizo zote?

Mtego wa nne ni wa maneno, na sisi watu wa lugha tusikilize vizuri. Msitu ni nini? Katika vipimo vyake Kenya huhesabu kuwa msitu mahali penye angalau nusu hekta, miti iwezayo kufika urefu wa mita 2, na vivuli vya matawi vifunike asilimia 15 ya ardhi. Shirika la FAO la Umoja wa Mataifa linataka mita 5 na asilimia 10. Ukibadilisha maana ya neno, umebadilisha idadi ya hekta bila kugusa mti hata mmoja. Mtu akikutajia asilimia, muulize kwanza, "Msitu kwa maana ipi?"

Kuna jambo jingine la kuangaliwa. Katika misitu ya serikali kuna miti ya kupandwa kama saipresi na misonobari, ambayo hukatwa ikikomaa, na wakulima wakaruhusiwa kupanda viazi na mahindi humo huku wakitunza miche mipya. Setilaiti ikipita wakati huo itaona uwanja mtupu, lakini hayo ni mavuno. Kinyume chake, hekta 100 za msitu wa asili zikiangamia mahali pamoja, na hekta 100 za saipresi zikapandwa kwingine, hesabu ya jumla itasema mabadiliko ni sufuri. Je, ni kweli hakuna kilichopotea? Mwerezi wa miaka mingi na mche wa juzi si ndugu. Mtaalamu mzuri huandika kilichopotea mbali na kilichoongezeka mbali.

Lazima kwenda kuona

Pamoja na ujuzi huu wote wa angani, mwisho wake lazima mtu avae gumbuti. Wataalamu huchagua mahali fulani kwa bahati nasibu, wasije wakapendelea panapofikika kwa gari, kisha huenda kuangalia kama ramani imesema kweli.

Chukueni mfano huu wa darasani. Tuseme ramani ya eneo la hekta 100,000 inasema hekta 10,000 zimekatwa na 90,000 zimebaki. Tukachagua vituo 100 katika sehemu iliyotajwa kuwa imekatwa. Tukifika tunakuta 80 vimekatwa kweli, na 20 bado ni msitu. Basi hekta zilizokatwa kweli hapo ni 8,000. Tukachagua vituo 100 vingine katika sehemu iliyobaki, tukakuta 2 vimekatwa na ramani haikuona. Asilimia 2 ya 90,000 ni 1,800. Jumla ni hekta 9,800. Tazama basi: kosa dogo la asilimia 2 katika eneo kubwa limeleta karibu idadi ile ile iliyoondolewa na kosa kubwa la asilimia 20 katika eneo dogo. Haba na haba hujaza kibaba, hata kwa makosa.

Mau ilisemaje?

Kwa kuweka pamoja picha za miaka mbalimbali, hadithi ya Mau imekuwa wazi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha mwaka wa 2009 kitabu cha ramani za mabadiliko ya mazingira ya Kenya, na humo Mau imeonyeshwa ikigeuka mwaka baada ya mwaka. Mwaka huo huo jopokazi lililoundwa na Waziri Mkuu lilieleza kwamba katika muda wa takriban miaka 15 hekta 107,000 hivi zilikuwa zimepotea, yaani karibu robo ya msitu wote. Robo, jamani! Sehemu kubwa ya hasara hiyo haikutokana na wezi wa usiku. Mwaka wa 2001 serikali ilitoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kutoka kwenye orodha ya misitu ili watu wapewe makao.

Hapo tunaona mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna msitu ulioandikwa katika gazeti rasmi la serikali, na kuna miti iliyosimama ardhini. Karatasi inaweza kusema "msitu" mahali ambapo pana viazi tupu, na inaweza kusema "shamba la fulani" mahali ambapo pana miti minene. Setilaiti haisomi karatasi. Inaona miti ama inaona udongo.

Kwa nchi nzima, tathmini ya rasilimali za misitu ya mwaka wa 2021 ilipata kwamba misitu ilifunika asilimia 8.83 ya Kenya, na miti yote kwa ujumla, pamoja na ile ya mashambani, asilimia 12.13. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti katika asilimia 10 ya nchi. Sasa mnaona ubishi unapotoka. Anayetaja miti atasema tumevuka, anayetaja msitu atasema bado. Wote wana karatasi mkononi! Yule mzee wa miti ya uani hakukosea, miti yake iko ndani ya ile 12.13. Lakini mistari mitatu ya miti ya uani haiwezi kuchukua nafasi ya msitu mnene unaoulisha mto.

Jambo ambalo picha haisemi

Nisije nikaisifu setilaiti kupita kiasi. Picha inakuonyesha kwamba hapa palikuwa na msitu mwaka fulani na mwaka fulani hapakuwa na kitu. Haikuambii aliyeshika msumeno alitumwa na nani. Haikuambii kama yule anayeishi hapo alivamia, au alipewa hati akaambiwa aingie, au alinunua kwa jasho lake kutoka kwa tapeli. Haikuambii familia ikiondolewa italala wapi. Hayo ni kazi ya mahakama, bunge na dhamiri zetu. Picha inachoweza kufanya ni kutuondolea sababu ya kubishana juu ya jambo linaloonekana, ili tubishane juu ya lililo gumu zaidi, yaani haki na namna ya kuurudisha msitu.

Basi wenzangu, mkisikia mtu akitangaza asilimia ya msitu redioni au kwenye mkutano, msishangilie wala msizomee mara moja. Muulizeni maswali manne: picha zilipigwa mwezi gani na mwaka gani? Pikseli ilikuwa ya ukubwa gani? Neno msitu limepewa maana gani? Na nani alikwenda kuhakikisha kwa miguu? Akiyajibu yote, msikilizeni. Asipoyajibu, basi hana tofauti na makanga wetu aliyeona miti ya kando ya barabara akadhani ameuona msitu.

Hapa naitua kalamu yangu. Kama kuna mwenzangu wa kidato chochote anayetaka kujaribu hesabu hizi kwa karatasi ya grafu, tukutane Jumatano baada ya masomo. Penseli za rangi mbili zatosha, nyekundu na kijani.